MGENI NJOO, MWENYEJI APONE: WATAFITI WANAOKUJA PWANI YETU

Katika toleo hili tunataka tuzungumze juu ya mgeni wa aina ya pekee. Mgeni huyu si mtalii mtupu, wala si mfanyakazi wa serikali. Mkono mmoja ameshika miwani ya kupigia mbizi, mkono wa pili daftari. Asubuhi yuko baharini akipima mwamba, jioni amekaa ufuoni akila samaki na kupunga upepo. Kazi na matembezi, vyote katika safari moja.

Wengine wetu huwacheka. "Ati huo ni utafiti gani wa kuogelea?" Wengine huwaogopa, wakidhani wamekuja kuchukua kitu. Na vijana wetu huwafuata wakitafuta kibarua cha siku mbili tatu. Katika haya yote hakuna anayekaa nao chini akawauliza: mnatafuta nini, mkipata mtatuambia, na sisi wenyeji tutabaki na nini? Maswali haya matatu ndiyo tunayotaka kuyaeleza hapa.

KWA NINI WANAKUJA KWETU

Kwanza tuelewe jambo moja. Uzuri wa mahali na faida yake kwa utafiti mara nyingi hutoka katika shina moja. Mtalii anapenda mwamba wenye matumbawe hai na samaki wa rangi nyingi. Mtaalamu wa bahari naye anataka mwamba uleule, kwa sababu haujaharibiwa, kwa hiyo anaweza kuulinganisha na ile iliyoharibika. Hifadhi ya Bahari ya Malindi na ile ya Watamu zilitangazwa mwaka 1968, na ni za kwanza za namna hiyo hapa Kenya. Kutoka Muyeye hadi huko Casuarina si mwendo mrefu. Kwa kuwa ndani ya hifadhi hakuna ruhusa ya kuvua, mwamba wake umekuwa kama kitabu kinachosomwa na watu wa mataifa mengi.

Msitu wa Arabuko-Sokoke nao ni hivyo hivyo. Una ukubwa wa kilomita za mraba kama 420. Humo kuna bundi mdogo wa Sokoke na sange mwenye rangi ya dhahabu nyuma ya mgongo, wanyama wasioonekana mahali pengi duniani. Mtu atatoka Ulaya kuja kumtazama bundi huyo kwa raha yake, na mwingine atakuja kumhesabu. Pengine ni mtu mmoja anayefanya yote mawili. Magofu ya Gede, ambayo James Kirkman alianza kuyachimba mwaka 1948 na ambayo yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, nayo yamevuta wasomi na watalii kwa njia ileile moja.

Jambo la pili ni pesa. Utafiti una gharama: nauli, mashua, chakula, vifaa. Mara nyingine chuo kikuu hulipa. Mara nyingine wanafunzi wa ng'ambo hulipa karo ya kuja kujifunza huku. Na yako mashirika yanayowapeleka watu wa kawaida, kama mwalimu, karani au mstaafu, ambao hutoa pesa zao za likizo ili wamsaidie mtaalamu kupima na kuhesabu. Basi pesa ya matembezi ndiyo inayobeba kazi ya sayansi. Wazee wetu walisema zamani: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa hawangoji hata siku ya tatu, wanalipa nauli ili wapewe jembe!

JIWE LILILOTUNZA HABARI ZA MIAKA 300

Tuchukue mfano wa hapa hapa Malindi, maana ni mfano mzuri sana na unatuhusu sisi tunaolima na sisi tunaovua.

Matumbawe si mawe tu. Ni makao yanayojengwa na wadudu wadogo wa bahari. Aina moja hukua kama jiwe kubwa la mviringo, na kila mwaka huongeza tabaka jipya, kama sentimita moja hivi. Ukilikata, utaona tabaka moja juu ya jingine, kama pete ndani ya shina la mti. Jiwe lenye urefu wa mita 3 huenda likawa na umri wa miaka 300 hivi.

Wataalamu kutoka Marekani na kwingineko walishirikiana na wale waliokuwa wakifanya kazi hapa Kenya kwa miaka mingi, miongoni mwao Tim McClanahan na Mkenya mwenzetu Nyawira Muthiga. Walizamia na kulitoboa jiwe la matumbawe kwa keekee ya mashine, wakatoa kipande kirefu chembamba kama mwiko wa ugali, ila kirefu zaidi. Kipande hicho kilipimwa tabaka kwa tabaka. Mwaka 2000 walitangaza matokeo ya kwanza: jiwe la Malindi lilikuwa limetunza kumbukumbu ya joto la bahari kwa miaka 194, kutoka 1801 mpaka 1994. Walionyesha kwamba joto la bahari yetu hupanda na kushuka pamoja na mabadiliko ya Bahari ya Pasifiki, mbali kabisa na hapa. Ndiyo ile habari ya El Niño tunayoisikia redioni mvua zinapozidi.

Mwaka 2007 yakatoka matokeo mengine, na haya ndiyo tunayotaka kila mkulima ayasikie. Wataalamu walipima madini yaitwayo bariamu ndani ya matumbawe. Bariamu husafiri ikiwa imeshikana na udongo ndani ya maji ya mto. Maji hayo yakikutana na chumvi ya bahari, bariamu huachana na udongo na kuingia katika maji ya bahari, na matumbawe huijenga ndani ya mwili wake. Kwa hiyo mwaka ambao mto umeleta udongo mwingi, tabaka la mwaka huo huwa na bariamu nyingi.

Mto wenyewe mnaujua: Sabaki. Huko juu unaitwa Athi, ukikutana na Tsavo unaitwa Galana, na sisi huku tunauita Sabaki. Unakusanya maji kutoka upande wa Nairobi, unapita Ukambani, unavuka nyika ya Tsavo, halafu unamwaga baharini kaskazini ya mji wa Malindi. Wakati wa kaskazi maji mekundu husukumwa kuja upande wetu mpaka penye mwamba.

Jiwe lilisema nini? Kwamba kutoka miaka ya 1700 hadi karibu 1900 udongo ulioletwa na mto haukubadilika sana. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1900, wakati watu walipozidi kuongezeka na matumizi ya ardhi yakabadilika huko juu, udongo ukaanza kupanda na kupanda. Ukafika kilele kati ya 1974 na 1980. Wakati huo ulikuwa mara 5 hadi mara 10 ya ule wa zamani. Wataalamu wanaeleza sababu zake: kukata misitu, kulima bila kuhifadhi ardhi, na ukame mkali wa mwanzo wa miaka ya 1970 ulioiacha ardhi uchi, kisha mvua ikaja.

Basi, ndugu zetu, mtu aliyelima mteremko bila matuta huko juu aliacha alama yake ndani ya jiwe chini ya bahari ya Malindi. Mchanga wetu kuwa mwekundu, samaki kukimbia maji machafu, mtalii kulalamika: hayo yote yameunganishwa na jembe. Habari hii ni ya thamani kwa kikundi chochote kinachopanda miti au kuchimba matuta. Lakini jiulize: ni wangapi kati yetu waliowahi kuisikia? Iliandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ya wataalamu. Jiwe lilikuwa la kwetu, udongo ulikuwa wa kwetu, na bado habari inatufikia kwa kuchelewa mno. Hapo ndipo penye shida, na ndiyo sababu tunaandika makala hii.

NGOMENI: ILE ROKETI

Mfano wa pili wengi mnaufahamu kwa majina ya San Marco. Waitaliano walijenga majukwaa yao baharini karibu na Ngomeni katika miaka ya 1960. Si kwamba walivutiwa na ufuo tu. Walitaka mahali karibu na ikweta. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na penye ikweta ndipo ardhi inapokwenda kasi zaidi, kwa hiyo roketi ikirushwa kutoka hapo hupata msukumo wa bure. Tena upande wa mashariki ni bahari tupu, hakuna nyumba ya mtu ya kuangukiwa.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Wamarekani. Wakaipa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza nyota kwa mionzi ya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya sayansi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Roketi ya mwisho kurushwa Ngomeni ilikuwa mwaka 1988. Tangu hapo kituo hicho, kinachoitwa sasa kwa jina la Luigi Broglio, kimekuwa kikifuatilia setilaiti zinazopita juu.

Tunaleta habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba ushirikiano hubadilika kadiri mwenyeji anavyojua kudai. Jina la Kiswahili lilikuwa heshima nzuri, lakini jina halimsomeshi mtoto. Mwaka 2016 Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya uliotaja mafunzo na kushirikiana habari zinazopatikana. Na mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyotengenezwa pamoja na chuo cha Sapienza cha Roma, ilipelekwa angani ikiwa ya kwanza ya Kenya. Kutoka kutazama roketi ya wengine hadi kutengeneza setilaiti pamoja nao ilichukua karibu miaka 50. Kijiji nacho kinaweza kupiga hatua hiyo, na si lazima kingoje miaka 50.

PALE WENYEJI WALIPOPONA

Sasa tutazame mahali ambapo mgeni wa daftari ameacha kitu cha kudumu.

Kipepeo, Gede. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wengi wanaopakana na Arabuko-Sokoke walikuwa hawauoni msitu kuwa na faida yoyote kwao. Nyani na ndovu walitoka humo kuharibu mashamba, na wengi walitaka ukatwe wagawiwe ardhi. Mwaka 1993 mtaalamu wa vipepeo, Ian Gordon, pamoja na Makumbusho ya Taifa, walianzisha mradi wa Kipepeo. Wakulima walifundishwa kufuga viwavi nyumbani kwa majani ya miti ya msitu. Kiwavi akishajifunga, kabla hajatoka kipepeo, huuzwa na kusafirishwa kwenda kwenye nyumba za maonyesho ng'ambo. Elimu ya mtaalamu ikageuka kuwa pesa mfukoni mwa mama wa Gede. Na msitu usipokuwapo, hakuna kipepeo, kwa hiyo mkulima mwenyewe akawa na sababu ya kuulinda.

Mida na Watamu. Shirika la Kikristo la A Rocha Kenya lina nyumba ya wageni iitwayo Mwamba huko Watamu, ambako watafiti na wageni wa kawaida hukaa pamoja. Shirika hilo lilianzisha mpango wa kusaidia karo ya sekondari kwa watoto wa vijiji vinavyozunguka msitu na hori ya Mida. Katika mikoko ya Mida kuna daraja la mbao la kutembelea na kibanda cha kutazamia ndege. Mgeni hulipa kiingilio, na pesa hiyo huingia katika karo. Mtu anakuja kustarehe na kutazama ndege, na mtoto wa mvuvi anaendelea na masomo.

Kasa wa Watamu. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 wavuvi wa Watamu wamekuwa wakipiga simu kasa anapoingia nyavuni. Kasa hupimwa, hutiwa alama yenye namba, kisha hurudishwa baharini. Mvuvi hupewa kitu kidogo cha kufidia muda wake na wavu wake. Hapa mvuvi ni sehemu ya utafiti wenyewe, maana bila yeye daftari lingekuwa tupu.

Gazi, Kwale. Huu ndio mfano ulioenda mbali zaidi. Kwa miaka mingi wataalamu wa taasisi yetu ya utafiti wa bahari, KMFRI, akiwemo James Kairo, walishirikiana na Mark Huxham na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier, Uskoti. Walikuwa wakipima mikoko ya Gazi. Watu wa kujitolea walilipia safari zao kupitia shirika la Earthwatch, wakaingia matopeni kupanda miche na kupima shina. Vipimo hivyo vilionyesha ni kiasi gani cha hewa ya kaboni mikoko hushika na kuzika ndani ya tope. Na kwa kuwa kilichopimwa sawasawa kinaweza kuuzwa, tangu 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vimekuwa vikiuza kaboni kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wenye hekta 117. Pesa zimeenda katika maji, vitabu vya shule na kupanda mikoko zaidi. Wanakijiji ndio wanaokaa na kuamua. Mwaka 2017 mradi ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Mnaona tofauti? Katika mifano yote minne mgeni alikuja akaenda zake, lakini nyuma yake palibaki kitu chenye mwenyewe: biashara, karo, simu ya mvuvi, kamati.

PALE PA KUANGALIA

Si kila safari huisha hivyo. Mwaka 1992 wataalamu walichukua vijidudu visivyoonekana kwa macho kutoka maji ya moto ya Ziwa Bogoria. Baadaye kampuni moja ya ng'ambo ikauza vitu vilivyotokana na vijidudu hivyo, vya kutengenezea sabuni na kulainisha nguo za jinzi. Mwaka 2004 shirika letu la wanyamapori, KWS, lilitangaza kudai sehemu ya faida. Kampuni ilikana kwamba ilikosea. Ugomvi ulikuja wakati mali imekwisha kuuzwa, na ndivyo ilivyo siku zote: mapatano yasipoandikwa mapema, baadaye ni kelele tu.

Hatari ya pili ni ndogo lakini ya kila siku. Kijana wetu mwenye kujua kila pango la mwamba huchukuliwa kama mbeba mizigo. Yeye ndiye anayeonyesha samaki anazalia wapi na mwezi gani. Mgeni anaandika. Jina la kijana halimo popote, na analipwa ya siku. Hili si lazima liwe kosa la makusudi, ila mara nyingi ni kwa kuwa hakuna aliyesema kitu.

Hatari ya tatu ni uvumi. Katika pwani yetu hofu ya mumiani ni ya zamani, na mtu akipima damu au mate maneno huanza. Kule Kilifi, kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI na Wellcome, kilichoanza mwaka 1989, kilikutana na hofu za namna hii. Dawa yake haikuwa kuwaita watu wajinga. Kiliweka utaratibu wa wawakilishi wanaochaguliwa na wananchi wenyewe, ambao hukutana na watafiti, huuliza maswali magumu na kurudisha majibu vijijini. Kilifi ilikuwa moja ya mahali palipofanyiwa majaribio ya chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Kazi kubwa namna hiyo haiwezekani bila mzazi kukubali, na mzazi hakubali asichoelezwa.

SHERIA INASEMAJE?

Wengi hawajui kwamba sheria iko upande wetu. Tunaieleza kwa ufupi.

Kwanza, kuingia Kenya kama mtalii hakumpi mtu ruhusa ya kufanya utafiti. Mtafiti, awe Mkenya au mgeni, anatakiwa kuwa na leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Mgeni anatakiwa awe ameungana na taasisi ya Kenya. Akifika kaunti anapaswa kujitambulisha kwa kamishna wa kaunti kabla ya kuanza kazi.

Pili, ndani ya hifadhi ya bahari au msitu anahitaji pia ruhusa ya wanaosimamia hifadhi hiyo. Katika misitu ya makaya, wazee wa kaya ndio wa kuulizwa kwanza.

Tatu, akitaka kuchukua mmea, kiumbe au sehemu yake kwa ajili ya utafiti wa mbegu na uhai wake, kanuni za NEMA za mwaka 2006 zinadai kibali, na pia zinadai wenyeji wawe wameelezwa na kukubali kwanza, na mapatano ya kugawana faida yawepo.

Nne, ujuzi wa asili, kama vile dawa za miti, unalindwa na sheria ya mwaka 2016. Na habari za mtu binafsi, pamoja na picha yake, zinalindwa na sheria ya mwaka 2019. Mama akipigwa picha akianika dagaa, ana haki ya kuuliza picha inakwenda wapi.

Kuuliza leseni si utovu wa adabu. Mtafiti mwema atafurahi kuionyesha. Anayekasirika, basi mjue kuna jambo.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Tunashauri hatua hizi. Hazina gharama ila mkutano mmoja na daftari.

1. Chagueni watu wawili wa kuwapokea wageni wa utafiti, mmoja mwanamke. Jina lao lijulikane kwa chifu, kwa kamati ya ufuo (BMU) na kwa wenye nyumba za wageni. Mgeni asiokotwe njiani na yeyote.

2. Mwombeni mtafiti aeleze kazi yake barazani kwa Kiswahili au Kigiriama kabla hajaanza. Asipoweza kuieleza kazi kwa maneno ya kawaida, huenda hata yeye hajaielewa vizuri.

3. Andikeni karatasi moja ya mapatano: kazi ni nini, itachukua siku ngapi, nani ataajiriwa na kwa malipo gani, nini kitachukuliwa, matokeo yatarudi lini na kwa njia gani. Pande zote mbili zitie sahihi. Nakala moja ibaki kwa katibu.

4. Ombeni ujuzi pamoja na pesa. Kijana mmoja afundishwe kupima joto la maji, mwingine kuhesabu samaki kwa mstari, mwingine kutunza daftari. Mgeni akiondoka, vipimo viendelee. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kali na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakageuka meupe na kufa, walioweza kusema kwa uhakika tumepoteza kiasi gani ni wale waliokuwa wamepima mwamba miaka mingi kabla. Asiyekuwa na hesabu ya jana hawezi kujua hasara ya leo.

5. Kuweni na kitu cha kumuuzia mgeni kwa haki: chumba safi, chakula, mashua, kuongozwa. Bei iwe moja na iandikwe ukutani. Kijana anayempunja mgeni leo anakifungia kikundi mlango mwaka mzima.

6. Jina la mwenyeji aliyetoa ujuzi liandikwe katika ripoti, kama mwenyewe anataka.

7. Wekeni sanduku au faili la ripoti zote zilizowahi kuandikwa juu ya kijiji chenu. Ombeni walimu wa sekondari wawasomee na kutafsiri kurasa mbili tatu. Mtashangaa ni mangapi yameandikwa juu yenu.

Neno la tahadhari: msidai mambo yasiyowezekana. Mwanafunzi mmoja na darubini yake hawezi kuwajengea zahanati. Mkimdai hivyo atakimbia, au ataahidi uongo. Mdaini anachoweza: ukweli, heshima, malipo ya haki na majibu. Nanyi mpeni mnachoweza: usalama, ujuzi na ukweli vilevile, maana ukimwambia uongo, daftari lake litakuwa la uongo, na hifadhi yetu itaongozwa kwa uongo huo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wazee walipotunga methali hii hawakusema mwenyeji atapona kwa kukaa kitako akingoja. Nyumba lazima iwe imefagiwa, maji yawe mtungini, na mwenye nyumba ajue la kumwuliza mgeni wake. Bahari yetu itaendelea kuwavuta. Wakija, watukute tumejiandaa.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Je, ni watafiti gani wamewahi kufika kijijini kwetu? Walichukua nini, na walirudisha nini?
2. Habari ya udongo wa Sabaki inatufundisha nini juu ya mashamba yetu wenyewe? Matuta yetu yako wapi?
3. Ni ujuzi gani tulio nao hapa, wa bahari, msitu au dawa, ambao mgeni hawezi kuupata kwingine? Nani mwenye haki ya kuutoa?
4. Kama mtafiti angefika kesho asubuhi, ni nani angempokea kwa niaba yetu, na angemwuliza nini?

Jadilianeni, na katibu aandike majibu. Vikundi vitakavyokwisha kuandaa karatasi ya mapatano, tuleteeni nakala ili vikundi vingine vijifunze kwenu. Tunawatakia kazi njema.